Juu ya Usawa wa Bahari

Daktari alisema sentensi moja, na sisi watatu tukatoka nayo kila mtu na yake. Kilikuwa chumba kidogo mjini Machakos. Mama alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, amejifunga kile kitambaa chake cha safari. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye nyumbani, alikaa kando yake akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Mimi nilisimama karibu na mlango, mahali ambapo kazi ya kuandikia gazeti imenizoesha kusimama.

"Mapafu yake yamechoka," daktari alisema. "Ni moshi wa jikoni, wa miaka mingi. Sasa moyo nao unalazimika kusukuma kwa nguvu. Dawa nitaandika. Lakini huko mlimani mnakokaa hewa ni nyepesi mno kwa mtu wa hali yake. Mtoeni huko. Akae chini, karibu na sea level kadiri mtakavyoweza. Atapumua."

"Chini," kaka akasema, kama fundi anayerudia kipimo alichopewa.

"Chini," daktari akakubali, akamwita mgonjwa mwingine.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana hilo neno la Kiingereza, sea. Ni neno fupi, na kwetu limetumika miaka yote bila bahari yenyewe kuonekana popote. Nililikuta kwanza kwenye chati ya darasa la kwanza, chini ya mstari wa rangi ya buluu na jua la duara. Baadaye nikalikuta kwenye kibao cha stesheni ya reli huko tambarare, ambako chini ya jina la stesheni palikuwa na idadi ya futi kutoka baharini kwenda juu. Nilipokuwa mtoto nilidhani ndizo futi za safari ya kufika. Gazetini mhariri wangu alikuwa na usemi wa Kiingereza kwamba fulani yuko baharini, maana yake hajui ashike lipi aache lipi. Na katika habari zangu za mabwawa na barabara mpya na mashamba ya parachichi, mara kwa mara ilinibidi kutaja mita juu ya usawa wa bahari. Niliyaandika maneno hayo kama mtu anavyoandika tarehe. Sikuwahi kujiuliza kwa nini watu wa mlima wa Iveti tupimwe kuanzia huko.

Kwa mama bahari ilikuwa na maana moja tu. Ndiko udongo wetu unakokwenda.

Aliambiwa hivyo akiwa msichana, na afisa wa kilimo aliyesimama juu ya jiwe akionyesha korongo lililokuwa limekula nusu ya shamba la babu. Mvua ikinyesha, afisa alisema, udongo wenu unashuka mtoni, mto unaungana na mto mwingine, na mwisho wake ni baharini. Hautarudi. Mama hakuwahi kulisahau neno hilo, hautarudi. Alipoolewa akaingia kwenye mwethya, kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na kazi yao kubwa ilikuwa kuchimba matuta. Kwetu tuta linaitwa fanya juu. Unachimba mtaro ukifuata mkunjo wa mlima, na udongo hauutupi upande wa chini ambako ni rahisi, unautupa upande wa juu. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Baada ya mvua kadhaa ule ukingo unashika, maji yanasimama, na shamba linaanza kuwa na ngazi. Mlima wetu wote ulichimbwa hivyo na wanawake wenye majembe, wakiimba. Mama alianza kabla sijazaliwa, na aliacha pumzi ilipomkatalia.

Mwaka mmoja nilipelekwa Mombasa kwa semina ya waandishi. Nilifanya kile ambacho kila mtu wa bara hufanya, nikajaza maji ya bahari kwenye chupa ya soda, nikamletea. Aliinua chupa kwenye mwanga akaigeuzageuza. Kisha akaonja, akatema.

"Chumvi yote hii," alisema. "Na udongo wetu uko wapi?"

Nikamwambia umezama chini.

"Watu wa huko wanaulimia nini?"

Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa, akaenda kumwaga yale maji njiani, mbali na mboga zake.

Kwa hiyo tulipotoka kwa daktari, tukiwa tumekaa ndani ya gari langu dogo tukisubiri mama ashushe pumzi, aliongea kwa vipande, maana siku hizo sentensi ilikuwa inamkatikia katikati.

"Nimezuia udongo..." akanyamaza, akavuta hewa. "Miaka yote... usiende huko. Sasa ni mimi... naambiwa niende."

Alikuwa akitabasamu. Kaka hakutabasamu. Alikuwa anatazama nje, na nilijua tayari anajenga kichwani.

Shamba letu ni ukanda mwembamba unaoanza juu, karibu na kilele, na kuteremka kwa matuta hadi kwenye mto wa mchanga ambao mara nyingi hauna maji. Barabara ya magari inaishia huko mtoni. Nyumba ya mama iko juu, na njia ya kufika ni ya miguu, inayopinda tuta kwa tuta. Mtu aliyekulia hapo hana kipimo kingine. Ukimuuliza jirani ng'ombe yuko wapi atakwambia tuta la tatu chini. Mtoto akikosa adabu anatumwa mtoni, na adhabu yenyewe ni kule kupanda kurudi. Kaka alikuwa amepanda na kushuka maisha yake yote. Alipoambiwa chini, alijua chini ni wapi.

"Nitamjengea kule mtoni," alinipigia simu. "Hakuna mahali petu chini kuliko pale."

Nikamwambia sidhani ndivyo daktari alivyomaanisha. Alimaanisha chini sana, huko joto.

"Kwani chini ni ngapi? Ukitoka mtoni ukapanda mpaka kwa mama, unafika ukihema kama mbwa. Hiyo si tofauti? Wewe ambaye huna mapafu mabovu unahema."

Na mama mwenyewe, alipoulizwa kama angekubali kuhama mlima kabisa, alikataa. Mtoni angekubali. Mtoni ni kwetu.

Mwethya wakaja kusawazisha kiwanja. Nilienda siku hiyo, na ninaikumbuka kama siku ya furaha ya mwisho kwenye shamba lile. Wanawake wale walikuwa wamezeeka pamoja na mama. Mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo, alinitazama mikono akacheka.

"Huyu wa gazeti mpeni karai. Jembe litamwandika malengelenge."

"Na huyu kaka yake tumchunge," mwingine akasema. "Anajenga nyumba nzuri hivi, kesho utasikia mama amerudishwa juu, bibi mpya ako chini."

"Bibi gani atakubali kukaa mchangani na vyura?"

"Wewe si ulikubali?"

Kaka alicheka mpaka akaweka sepetu chini. Kiwanja kikiwa kwenye mteremko, unakata upande wa juu na kujaza upande wa chini ili papate usawa. Lakini akina mama wale walipoanza kuchimba, udongo wote ulikwenda juu. Kaka akawaambia, leo tunatupa chini. Wakasema sawa. Baada ya dakika kidogo mikono ikasahau, udongo ukaanza kuruka juu tena, na rundo likawa linawaporomokea miguuni. Ilibidi mwenyekiti asimame na fimbo, na kila udongo uliporuka juu alipiga kelele, "Leo chini, wewe! Leo chini!" Mama alikuwa amekaa kwenye tuta la juu yetu akitazama, amejifunika shuka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko kisichokuwa na sauti.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, ukuta wa matofali ya kuchoma, mabati mapya, jiko la gesi badala ya kuni. Mama akashushwa, akipumzika kwenye kila tuta. Kaka akahamishia godoro lake kwenye kibaraza ili awe karibu.

Mwezi uliofuata tulirudi kwa daktari. Kaka alivaa shati jeupe. Daktari alimsikiliza mama kifua mbele na nyuma, akatazama kile kipimo kidogo cha kidoleni, akakunja uso.

"Bado mko mlimani?"

"Hapana," kaka akasema. "Tumemshusha. Nimemjengea."

"Vizuri. Mmempeleka wapi?"

"Mtoni. Chini kabisa ya shamba."

Daktari hakucheka. Nimekutana na madaktari wengi katika kazi yangu, na namshukuru huyo kwa kutocheka. Alichukua karatasi na kalamu. Chini kabisa ya karatasi akachora mstari. "Hii ni bahari," alisema. Akapanda na kalamu polepole, akaweka alama. "Hapa ni Masinga, kwenye bwawa." Akapanda tena. "Hapa ni Kyumbi, kwenye njia panda. Hapa mjini tulipo." Karibu na ukingo wa juu wa karatasi akaweka alama ya mwisho. "Na hapa ndipo nyumba ya mama ya zamani."

Kaka aliinama. "Na nyumba mpya?"

Daktari akatazama alama ile ya juu. Akaigusa kwa ncha ya kalamu, hakuweka nyingine. "Ni hapo hapo," alisema. "Tofauti ni kama unene wa huu wino."

Kaka alikuwa ameshika kofia vile vile kama siku ya kwanza.

"Lakini kumtoa kwenye moshi mmefanya vizuri sana," daktari akaongeza. "Hilo limemsaidia."

Mama akamgeukia kaka. "Mimi nilijua," alisema. "Nilikuwa bado... nasikia jogoo wetu... wa kule juu."

Kaka akacheka kwa sababu mama alitaka acheke. Kaka alisimama tulipofika mtoni na kuiona ile nyumba, mabati yake yaking'aa.

"Matofali yote yale," alisema.

Dada yetu ameolewa Masinga, na huko ndiko mama alikopelekwa baadaye. Alikubali kwa sharti kwamba ni mpaka mvua. Tulipita Kangundo, tukateremka kuelekea Matuu, na joto likaanza kuingia dirishani. Mama alikaa mbele pamoja nami. Kila tuliposhuka mteremko aliniuliza kama sasa tumefika chini, na kila mara nikamwambia bado. Jioni tulifika, tukaliona bwawa kwa mbali, pana, halina ng'ambo ukilitazama upande fulani.

"Hii ndiyo?" aliuliza.

"Hapana, mwaitu," nikasema, ndivyo tunavyomwita mama kwetu. "Hili ni bwawa."

"Na bahari?"

"Bado mbali sana. Huko mashariki."

"Kwa hivyo bado niko juu," akasema, na nilisikia kwamba alikuwa ameridhika kidogo.

Daktari alikuwa amesema kweli. Hilo lazima niliandike wazi, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri alikosea. Nilipokwenda kumtembelea majuma machache baadaye, mama alikuja kunipokea mlangoni mwenyewe. Midomo yake ilikuwa na rangi. Na alikuwa anamaliza sentensi. Watu hawajui ni jambo kubwa kiasi gani kumsikia mtu wako akianza kusema kitu na kukifikisha mwisho. Miaka miwili nilikuwa nimezoea kumkamilishia, kukisia neno linalofuata, kuitikia kwa kichwa kabla hajafika ili asijichoshe. Sasa alinizuia. "Ngoja nimalize," alisema, akamaliza.

Kulikuwa na kisa kimoja alichokianza mara nyingi kule mlimani na kuishia njiani. Kilikuwa cha siku ya kuzaliwa kwangu. Niliujua mwanzo wake tu, kwamba alikuwa mtaroni akichimba. Masinga, chini ya kivuli cha mwarobaini wa dada, nilikisikia chote. Uchungu ulimshika akiwa na sehemu yake ya mtaro nusu, na mawingu yalikuwa yamefunga upande wa vilima vya Mua. Wanawake wawili wakampandisha nyumbani. Wengine hawakumfuata. Walibaki wakaichimba sehemu yake kwanza, kwa sababu mtaro ukiacha pengo hata la hatua chache, maji yote ya mlima yanapitia hapo na kuvunja kila kitu. Walipomaliza ndipo wakapanda kuja kuuliza ni mtoto gani.

"Nilikuwa nimelala pale na wewe," alisema, "mvua ikaanza, nikawauliza, mmefunga? Wakasema tumefunga. Ndiyo nikakutazama vizuri."

Dada alikuwa anachagua maharagwe kwenye sinia. "Kwa hivyo kama hawangefunga hungemtazama," alisema.

"Ningemtazama. Lakini kwa haraka."

Tulicheka wote watatu. Nilirudi nyumbani kwangu nikiwa na hakika kwamba tumempata tena.

Kisha mvua ikafika. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti akiisikiliza. Siku ya tatu, ilipokatika, alimwomba dada amsindikize mpaka ukingoni mwa bwawa. Mimi nilikuwa nimekuja Jumamosi hiyo, tukaenda sote, polepole. Maji ambayo wiki chache kabla yalikuwa ya kijani sasa yalikuwa mekundu, mazito, yamebeba majani na vijiti. Pembeni yalikuwa yameacha tope laini kama unga uliokandwa. Mama aliinama, akachota kidogo kwa vidole viwili, akalisugua kwa kidole gumba kama anavyojaribu mtama.

"Huu udongo ni wa mtu," alisema.

Dada akamwambia anawe mikono, maji yana kichocho. Hakunawa. Alirudi nao mpaka nyumbani ukakaukia vidoleni.

Jumatatu mwenyekiti wa mwethya alimpigia simu kumsalimu. Kaka alikuwa akituambia sote kwamba nyumbani kila kitu ni sawa, na mwenyekiti hakujua kwamba kulikuwa na siri ya kutunza. Akamweleza habari zote, nani amezaa, nani amevunjika mguu, na kwamba tuta la pili kutoka juu limepasuka na mahindi ya kaka yamefagiliwa mpaka mtoni.

Dada alinipigia. Nilisikia sauti ya mama nyuma yake, iliyojaa.

"Anataka kurudi. Ongea naye wewe."

Nilienda siku iliyofuata. Nilikuwa nimepanga hoja zangu njiani, moja baada ya nyingine, kama ninavyopanga habari. Alikuwa amekaa nje akiwa tayari amejifunga kile kitambaa cha safari.

"Kaka atalirudishia, mwaitu," nilisema. "Mwethya wako pale. Wewe huwezi kushika jembe hata hivyo."

"Sijasema nitashika jembe."

"Daktari amesema ukipanda..."

"Ngoja nimalize." Akavuta hewa, si kwa shida, ila kama mtu anayejaza mtungi kabla ya njia ndefu. "Hapa napumua. Siwezi kukataa, napumua vizuri, na dada yako ananitunza, hata hewa yake ya moto nimeizoea. Lakini napumua nikiwa nimekaa. Asubuhi napumua, mchana napumua, jioni mnaniuliza kwa simu, mwaitu, umepumuaje leo. Sina kitu cha kufanya na hii pumzi. Nikiwa kule hata nikiwa nimekaa kwenye kiti, naona wanapokosea, nawaambia. Nirudishe."

Dada alikuwa amesimama mlangoni, sufuria mkononi. "Ukirudi huko utakufa," alisema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama kitu kilichokuwa kimekaa katikati yetu siku nyingi na mtu mmoja alipaswa kukiokota.

"Nitakufa," mama akasema. "Hata hapa nitakufa, na mtanipeleka juu nikiwa sioni kitu. Afadhali nipite nikitazama."

Dada aliweka sufuria chini, akaingia ndani. Nilidhani anaenda kulia. Alitoka na begi la mama, likiwa limefungwa, akaliweka kando ya gari bila kunitazama.

Nilimpigia kaka kabla hatujaondoka. Nyuma yake nilisikia jogoo wa kule juu.

"Aje wapi?" aliuliza. "Huku juu hawezi kupanda, hata kubebwa itamchosha. Ona shida niliyomletea na hilo tuta."

"Gari linafika mtoni," nikamwambia.

"Basi nifagie," alisema.

Hivyo ndivyo ile nyumba ya chini, ambayo kaka alikuwa hawezi tena kupita karibu nayo bila kugeuza uso, ilivyompokea mama. Alikuwa amefagia, ameosha sakafu, na ameweka kiti nje, kimeelekezwa mlimani. Kutoka pale unaona shamba lote, tuta juu ya tuta, mpaka bati la nyumba ya zamani lililofifia. Na kule karibu na juu uliona pengo, jekundu kama kidonda, na mfereji ulioteremka kutoka hapo ukikata kila kitu.

Ndani ya siku mbili pumzi ilianza kumkatikia tena. Kaka alileta mtungi wa oksijeni, na alikuwa akiubadilisha mwenyewe, hakutaka mtu mwingine auguse. Lakini mwethya walipokuja kufunga lile pengo, mama alikuwa kwenye kiti chake nje, mrija puani. Walikuwa mbali kiasi kwamba hata mtu mwenye mapafu mazima hangesikika. Mwenyekiti alisimama kwenye ukingo akiwa amemgeukia, na mama akawa anaonyesha kwa mkono. Mkono ukipanda, wanainua ukingo. Mkono ukilala, wanasonga mbele. Kuna wakati alishika mkono juu muda mrefu sana mpaka ukaanza kutetemeka, na dada, aliyekuwa amekuja kutoka Masinga, akaenda kuushikilia kwa chini kwenye kiwiko. Kule juu wakaendelea kutupa udongo mpaka mkono uliposhuka.

Jioni mwenyekiti aliteremka, viatu vyake vimejaa tope.

"Tumefunga," akamwambia.

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na pumzi ya kujibu, na hakuihitaji.

Alikaa pale majuma machache. Alifariki mchana mmoja, baada ya chakula ambacho hakukila, kaka akiwa anamsimulia habari za ng'ombe. Kaka aliendelea kusimulia kidogo kabla hajajua.

Tulimbeba kupanda mlima kwa ile njia ya tuta kwa tuta. Hakuna njia nyingine. Wanaume walipokezana, na wanawake wa mwethya walitembea pembeni, juu ya kingo walizochimba, hawakuzikanyaga vibaya hata mmoja. Kwenye lile tuta la pili tulisimama kupumzika, sote tukihema, na nilimwona kaka akitazama chini kule tulikotoka. Baba amezikwa karibu na kilele. Mama akawekwa kando yake. Vijana waliochimba kaburi walikuwa wametupa udongo upande wa juu, na sidhani kuna aliyewaambia.

Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, kaka alisema atabomoa ile nyumba ya mtoni. Matofali angeyatumia kwa choo au kibanda cha mbuzi. Aliongea akiwa ametazama chai yake.

"Niliambiwa baharini, mimi nikajenga mtoni," alisema. "Kila mtu anayepita pale ananicheka."

"Nani amekucheka?" dada akauliza.

"Mimi."

Dada alikuwa ndiye aliyepinga mama kurudi, na alikuwa na haki kuliko sisi wote ya kunyamaza. Alimtazama kaka.

"Usiibomoe," alisema. "Angerudi wapi?"

Ile nyumba bado iko.

Nilikuwa pale mvua ya mwaka huu ilipoanza. Tulikaa kwenye kibaraza, kaka na mimi, kwa sababu ilitukuta mtoni na hatukutaka kupanda tukilowana. Mto ulikuja ghafla kama unavyokuja siku zote, kwanza povu na vijiti, kisha maji mapana, mekundu, yanayosukumana kuelekea mashariki. Nilijikuta nimesimama. Nilitazama juu, kuanzia tuta la chini, nikapanda kwa macho moja baada ya jingine. Maji yalikuwa yamesimama kwenye kila mtaro, yametulia, na lile pengo la zamani lilikuwa limeota nyasi mpaka hulitambui.

Kaka naye alikuwa anatazama, si juu bali mtoni, yale maji yaliyokuwa yanapita yamebeba udongo.

"Huo si wetu," alisema.